Baba wa Mtoto Anafanya Kazi Gani?



Nianze na swali dogo. Kati ya mwaka 2013 na 2015, katika vyumba vya uzazi vya mji wetu wa Lubumbashi, akina mama waliotoka kujifungua waliulizwa mambo mengi kwa ajili ya utafiti, na mojawapo lilikuwa hili: baba wa mtoto anafanya kazi gani? Swali hilo linaulizwa kila siku katika kila ofisi ya mji huu, na anayeandika jibu mara nyingi hainui hata uso. Mara hii jibu lilikuwa na uzito ambao hakuna aliyeutarajia.

Utafiti wenyewe ulichapishwa mwaka 2020 katika jarida la The Lancet Planetary Health. Ulifanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU yetu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji. Majina mawili ya kwanza kwenye orodha ya waandishi ni Daan Van Brusselen na Tony Kayembe-Kitenge. Walitaka kujua kwa nini watoto wengine hapa wanazaliwa na kasoro za mwili zinazoonekana kwa macho. Wakachukua watoto 138 waliozaliwa na kasoro na watoto 108 waliozaliwa bila kasoro, wakawalinganisha. Walipima mkojo wa mama, damu yake, damu ya kitovu, kondo la nyuma, hata vumbi la nyumbani. Metali zilionekana kwa wingi mno kwa akina mama wa makundi yote mawili, kwa viwango vya juu sana kuliko vinavyoonekana kwa wajawazito wa nchi nyingine. Lakini kwa kuwa makundi yote mawili yalikuwa yamejaa metali, metali za mwilini mwa mama hazikuweza kuyatenganisha vizuri. Manganizi na zinki katika damu ya kitovu zilitoa dalili. Kilichojitokeza kwa nguvu zaidi kilikuwa jibu la lile swali dogo: watoto ambao baba zao walifanya kazi ya madini walikuwa na uwezekano mara 5.5 zaidi wa kuwa katika kundi lenye kasoro.

Naomba tuisome namba hii kwa uangalifu, maana mjini namba zinatembea haraka kuliko maelezo yake. Familia zilizochunguzwa hazikuwa nyingi, kwa hiyo watafiti wenyewe waliandika kwamba ukweli unaweza kuwa popote kati ya mara 1.2 na mara 25. Baba wengi wachimbaji wana watoto wazima kabisa. Namba hiyo haimhukumu baba yeyote. Inasema tu kwamba huenda kuna njia, bado haijafuatwa hadi mwisho, inayotoka mgodini na kufika tumboni kwa mama, na kwamba njia hiyo inapita kwa baba.

Kilichonishika mimi ni mahali jibu lilipotoka. Sampuli zilisafirishwa hadi mashine za Ulaya zinazoona chembe ndogo kuliko tunavyoweza kuwazia. Lakini fununu kubwa kuliko zote ilitoka kinywani mwa mwanamke aliyelala kitandani, mwenye uchungu bado mwilini, aliyejibu kwamba mume wake anachimba. Kama neno lake lilikuwa na uzito huo kwa swali moja tulilolibuni sisi, je, angetueleza nini kama tungemwomba yeye atuchagulie maswali?

Mji huu ulizaliwa na tanuru. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ikaanzishwa mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa kando ya mto Lubumbashi. Moshi wa bomba kubwa la tanuru hilo umepita juu ya vichwa vya babu zetu, wazazi wetu, sisi na watoto wetu. Upande ambao upepo uliupeleka, kule Penga Penga, udongo ulijaa shaba mpaka ukawa kipara. Wataalamu wa kilimo wa UNILU, akiwemo Mylor Ngoy Shutcha, wamejaribu kupanda huko nyasi za asili ya Katanga zinazovumilia shaba ili udongo ushikwe na vumbi lipungue. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa UNILU na Benoit Nemery wa Leuven, pamoja na wenzao, walitoa matokeo ya mikojo ya watu zaidi ya 300 wa Katanga. Kobalti waliyoikuta kwa watu waliokaa karibu na migodi na viwanda ilikuwa ya juu kuliko yote iliyowahi kuandikwa popote duniani kwa watu wa kawaida, na watoto waliwazidi watu wazima. Mwaka 2018 likaja andiko jingine kutoka Kasulo, Kolwezi, mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya sakafu za nyumba zao wenyewe. Huko nako vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na metali, na watoto ndio waliobeba mzigo.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo mama yeyote wa Kampemba au Ruashi, hapa mjini, angetuambia kabla ya mashine kuwashwa. Anajua vumbi linaingia dirisha gani na saa ngapi. Anajua maji ya kufulia nguo za mumewe yanabadilika rangi gani, na anayamwaga wapi. Anajua magunia ya madini yanalala usiku chumba gani, pembeni ya mtoto gani. Anajua mboga za sokoni, lengalenga na matembele, zimemwagiliwa kwa maji ya mto upi. Maarifa hayo hayana cheti, lakini ndiyo yanayoonyesha pa kuchukua sampuli. Mtafiti asiyeyauliza anapima mahali pabaya, kisha anaandika kwamba hakukuta kitu.

Tena mama huyo anaogopa, na hofu yake ina historia.

Wazee wetu walizungumza juu ya batumbula. Wakati wa ukoloni, habari zilienea Élisabethville na katika kambi za wafanyakazi kwamba kuna watu wanaokamata wapita njia usiku, kuwafungia, kuwanenepesha na kuwageuza chakula cha Wazungu. Watu wa pwani ya Kenya na Tanzania walikuwa na habari zao za mumiani wanaonyonya damu. Wasomi wengi waliziandika hadithi hizi kama ushirikina wa watu wasioelewa udaktari. Nadhani walikosea, maana wasimuliaji walielewa sana. Mfanyakazi wa kampuni alipimwa uzito, alichomwa sindano, alitolewa damu. Mke wake alihesabiwa, mtoto wake alipimwa na kulishwa uji wa kampuni, na kila tarakimu iliingia daftari ambalo yeye hakulisoma kamwe. Alijua kwamba mwili wake unatunzwa kwa sababu ya shaba. Batumbula walikuwa namna yake ya kulisema jambo hilo kwa sauti ambayo bwana asingeweza kuijibu.

Kule mashariki mwa nchi yetu, katika bonde la Ruzizi, mwaka 1958, watu zaidi ya 200,000 walipewa kwa muda wa wiki chache chanjo ya polio iliyokuwa bado kwenye majaribio. Watoto walinyweshwa, hesabu ikachapishwa, dunia ikasoma. Siku zile, mkulima wa Ruzizi angesimama mbele ya nani aulize ni dawa gani hii, na kwa nini imeanzia kwangu?

Basi leo msichana wa miaka 20 anapobisha hodi mtaani Katuba na kisanduku chenye vichupa, akakuta mlango umefungwa, asiandike kwamba jamii haina uelewa. Aandike kwamba jamii ina kumbukumbu.

Mimi mwenyewe nilikuwa msichana huyo. Sitautaja mradi, wala mtaa. Nilikuwa muuguzi kijana, nilipewa karatasi za maswali, vichupa na pesa ya usafiri, nikaingia ua mmoja mdogo wenye mwembe. Mama mwenye nyumba alinipa kiti. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: “Yaya, mulikuyaka mwaka yenye ilipita, mukabeba mukojo ya batoto. Majibu iko wapi?” Sikuwa mimi niliyekuja mwaka huo, ulikuwa mradi mwingine. Nilimwambia hivyo. Akanitazama tu. Kwake yeye, mikono yote inayokuja na vichupa ni mkono mmoja, na nilipofikiri usiku nikaona ana haki. Alinipa mkojo wa watoto kwa mara ya pili, kwa heshima ya mgeni. Ile heshima imenielemea miaka mingi.

Sasa nitawapeleka Beni, kwa sababu huko tulifundishwa kwa gharama kubwa. Mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020 katika Kivu Kaskazini na Ituri uliingia mahali penye vita, ambapo watu walikuwa wameuawa miaka mingi bila dunia kukimbilia namna hiyo. Ghafla magari yakafurika kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Watu waliuliza: kwa nini hili na si lile? Vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Aprili mwaka huo daktari Richard Mouzoko, aliyetoka Cameroon kuja kutusaidia, aliuawa Butembo kwa risasi. Sitaki mtu asikie kwamba nahalalisha mauaji hayo, nayalia. Ila nataka tutazame pia kilichobadilishwa na malalamiko ya watu. Familia zilisema: mnamwingiza ndugu yetu nyuma ya ukuta, anatoka akiwa ndani ya mfuko, hatujui mmemfanyia nini. Shirika la ALIMA lilileta Beni vyumba vya plastiki inayoonyesha ndani, na mama akaweza kusimama nje, akamwona mwanawe, akamwona muuguzi anavyomlisha. Waliopona, ambao kinga ilikuwa tayari mwilini mwao, waliajiriwa kulea watoto wachanga waliotengwa na mama zao. Kazi hiyo ilihitaji mtu aliyewahi kulala kitanda kile.

Na katika mazingira hayohayo ulifanyika utafiti ulioheshimiwa duniani kote. Kuanzia Novemba 2018 hadi Agosti 2019, wagonjwa 681 waliingia katika jaribio la dawa nne, chini ya uongozi wa profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa nje. Dawa mbili zilionekana kuokoa watu zaidi, na moja kati ya hizo mbili ilitengenezwa kutokana na damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit mwaka 1995. Kumbukeni pia kwamba kulekule Kikwit madaktari wa Kongo waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya waliopona, na saba wakaishi. Wataalamu wa nje walilitilia shaka jambo hilo kwa miaka mingi. Kwa hiyo damu ikitolewa inaweza kurudi, ikiwa dawa, kwa watu walewale. Ilichukua karibu robo karne, lakini ilirudi. Hadithi hii isimuliwe kwenye mitaa ile ile inayosimulia batumbula.

Tukielekea pwani, Kilifi nchini Kenya, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989. Nao walikutana na uvumi wa damu: damu inauzwa, damu inapelekwa kwa mashetani. Walichofanya ni kujenga mtandao wa wawakilishi waliochaguliwa na wanajamii wenyewe, wanaokutana na watafiti mara kwa mara, wanaoeleza mji unasema nini na wanaorudi kueleza utafiti unasema nini. Kazi kubwa ya mikutano ya namna hiyo ni lugha. Mililita tano ni neno tupu kwa mtu asiyezoea maabara, ilhali kijiko kimoja cha chai kila mtu amekishika. Tena kuna neno ambalo hata sisi tunalitumia ovyo. Tukisema tunakuja kumpima mtoto, mama anasikia kwamba mtoto anatibiwa. Kumbe tunachukua sampuli kwa ajili ya kujifunza, na huenda yeye asipate chochote. Kutokulitenganisha hilo kwa maneno wazi ni kumdanganya, hata kama karatasi ya ridhaa imejaa sahihi.

Lugha yetu hapa inaweza kazi hiyo. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa mji huu kilitoa historia ya Élisabethville iliyoandikwa na André Yav kwa Kiswahili cha hapa, kwa taipu, bila kumngoja profesa. Kama boyi wa nyumbani aliweza kuandika historia ya mji kwa lugha yake, mjukuu wake anaweza kuelezwa kobalti kwa lugha hiyohiyo. Siku hizi makala yetu yanatoka kwa Kiingereza, muhtasari kwa Kifaransa, na mama mwenye mwembe anabaki na kimya.

Nasikia tayari pingamizi, na moja ni nzito kweli. Mwenzangu wa maabara aliniuliza: ukishampelekea mama majibu kwamba mkojo wa mwanawe una kobalti nyingi, utamwambia nini akikuuliza dawa? Hatuna kidonge cha kumpa. Utakuwa umempelekea usingizi mbaya tu. Nililala na swali hilo. Jibu langu ni kwamba usingizi wake si mali yetu. Mama anayejua anaweza kufagia kwa kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu. Anaweza kusema kwamba nguo za kazi zivuliwe nje, na magunia yasilale ndani. Anaweza kumwosha mtoto mikono kabla ya kula bukari na kujua kwa nini. Hayo ni madogo. Na ni hatari kubwa tukiishia hapo, maana tutakuwa tumegeuza sumu ya viwanda kuwa uzembe wa mwanamke mwenye ufagio. Majibu yapelekwe nyumba kwa nyumba, na siku ileile yapelekwe kwa meya, kwa mganga mkuu wa zoni ya afya, kwa mwenye kiwanda, yakiwa karatasi moja, yenye tarakimu moja.

Pingamizi la pili linatoka kwa baba. Mwaka 2003 Gécamines iliaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango walioita wa kuondoka kwa hiari. Kila familia hapa inajua chakula kilivyopungua mezani. Baadhi ya wana wao wanachimba kwa mikono leo. Mchimbaji akisikia mtafiti anazungumzia kasoro za watoto, anasikia mtu anayetaka kufunga shimo linalomlisha. Asipokuwepo chumbani wakati utafiti unapangwa, atakuwa adui yake wakati unapofanywa. Nami najuta kwamba tulimuuliza mke wake habari zake, na yeye mwenyewe hatukumuuliza vya kutosha: anaoga wapi, anakula na mikono gani, barakoa aliyopewa inamzuia kupumua kwa kiasi gani.

Wala hatuhitaji kuunda chombo kipya. Kila eneo la afya lina kamati yake ya maendeleo, CODESA, na lina reko, wahamasishaji wa jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo na kipindupindu, wengi wao bila malipo ya maana. Tumewatumia kama miguu, waende wakaite watu. Nataka wakae mezani tangu siku ya kwanza, kabla mradi haujapelekwa kwenye kamati ya maadili, wakiwa na uwezo wa kusema swali hili halitufai, ongezeni lile. Na walipwe muda wao kama mtaalamu mwingine yeyote. Mtaniuliza pesa iko wapi. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaitaka kila kampuni ya uchimbaji itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Tumezoea kuiona pesa hiyo katika visima na madarasa, na ni vema. Lakini sioni kwa nini jamii isiseme: mwaka huu tunataka sehemu ya fedha yetu ipime udongo wetu, na tutamchagua mtafiti sisi. Siku hiyo mtafiti ndiye atakayebisha hodi akiwa na hofu kidogo, na itamfaa.

Azimio la Helsinki, ambalo tangu 1964 linawaongoza madaktari wa dunia katika utafiti juu ya binadamu, lilirekebishwa tena Oktoba 2024, na sasa linawaita washiriki watu ambao zamani liliwaita kwa neno la mtu anayefanyiwa kitu. Nimefurahi. Nitafurahi zaidi nikiliona neno hilo katika daftari la dispansere.

Yule mama mwenye mwembe nilirudi kwake. Ilinichukua muda kuyapata majibu, si ya nyumba yake peke yake bali ya mtaa, na kuyaandika kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja. Alinipa kiti kilekile. Akaita majirani, wakaja wanawake saba na mzee mmoja, nikasoma polepole. Waliuliza juu ya kunyonyesha, nikawaambia waendelee kunyonyesha. Waliuliza juu ya lengalenga. Mzee aliuliza kama kobalti inaua nguvu za kiume, na hakuna aliyecheka. Kisha mama mwenye nyumba, aliyekuwa amenyamaza muda wote, akaichukua ile karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maandishi mengine, akasema: “Yaya, muko na vumbi ya nyumba, muko na vumbi ya barabara. Na ku masomo? Batoto banaikalaka chini kule siku nzima. Nani alipima?”

Nilitazama orodha yangu ya sampuli. Shule haikuwemo. Nilichukua kalamu, nikaandika swali lake juu kabisa ya ukurasa wa nyuma, na chini yake tukaanza, sisi kumi pale chini ya mwembe, kuhesabu madarasa.